Gemu la Pweza katika Sanduku la Fundi Saa

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi saa mjini Mwanza kwa zaidi ya miaka arobaini. Meza yake ilikaa barazani mwa duka moja katika Mtaa wa Rwagasore. Jioni alipofunga kazi alivikusanya vitu vyote vya watu katika sanduku la bati, akalibeba hadi nyumbani kwetu Mirongo na kulisukuma mvunguni mwa kitanda. Hakuwahi kuacha saa ya mtu mezani usiku. Alikuwa akituambia kwamba saa iliyoharibika ni mali ya mtu kama ilivyo saa nzima, na kwamba fundi, hata akiwa amezungukwa na saa mia, hana saa.

Alifariki katika mwezi wa Shaaban, mwaka 2019. Mama alipotoka eda tuliketi sisi ndugu watatu, dada wawili na kaka yetu kitinda mimba, tukalifungua sanduku lile mbele yake. Madeni ya baba yalikuwa machache na tulikwisha kuyalipa. Zilizobaki ni amana: saa ishirini na tatu, kila moja imefungwa kwa karatasi na uzi, juu yake pameandikwa jina la mwenyewe au alama ya kumtambulisha, pamoja na daftari la kurasa zilizogeuka rangi. Chini kabisa, ndani ya kipande cha flaneli, tulikikuta kitu ambacho sote watatu tulikuwa tukikitafuta kwa macho tangu kufuli lilipofunguka, ingawa hakuna aliyethubutu kukitaja.

Kilikuwa gemu.

Wasomaji wetu vijana, ambao kwao gemu ni kitu kinachokaa ndani ya simu, watuwie radhi tukieleza. Ni kijisanduku chembamba kinachotosha katika viganja viwili, chenye bamba la chuma mbele, kioo katikati, kitufe kimoja kushoto na kimoja kulia. Hakina rangi zinazobadilika wala muziki. Kina mchezo mmoja tu, ambao hauwezi kubadilishwa. Katika hili letu, wazamiaji wanateremka kutoka katika mashua, wanapita chini ya maji hadi kwenye hazina iliyozama, wanajaza mfuko na kurudi. Katikati yupo pweza mkubwa ambaye minyiri yake inarefuka na kufupika. Mzamiaji akiguswa, amenaswa. Wakinaswa watatu, mchezo umekwisha. Usipocheza, kitu chote kinageuka kuwa saa.

Mwanza hatuna pweza. Ziwa letu lina sato, sangara, dagaa, mamba na viboko, na hadithi za kutisha za kila kimoja, lakini mnyama mwenye mikono minane hatukupata kumwona. Mama, aliyezaliwa Pangani, ndiye aliyetufahamisha kwamba huyo ni kitoweo. Anapigwapigwa kwanza juu ya jiwe ili alainike, akatueleza, kisha anapikwa kwa nazi. Tangu siku hiyo pweza wa kwenye kioo alitupungukia utisho kidogo, ila hakuacha kutunasa.

Gemu hilo halikuwa letu. Lililetwa mwaka 1982 na ami yake mtoto wa jirani, mvulana wa familia ya Kiarabu iliyokuwa na duka la vitambaa, na huyo ami alikuwa amehamia Maskati. Ilikuwa miaka migumu. Vita vya Uganda vilikwisha mwaka 1979 lakini maduka yalikuwa bado matupu. Sabuni ilipangiwa foleni, na betri za tochi ziliwekwa juani ili zipate uhai wa siku mbili zaidi. Katika hali hiyo, gemu la Kijapani mikononi mwa mtoto wa Mirongo lilikuwa kama kipande cha mwezi kilichoanguka uani. Watoto tulipanga mstari mbele ya duka lao, tukicheza kwa zamu mpaka mzamiaji wa tatu anaswe.

Kisha betri zikafa. Zilikuwa mbili, ndogo kama vifungo vya shati, za aina hiyohiyo inayotiwa katika saa, na hazikupatikana mji mzima. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na wenye kukumbuka watakumbuka jinsi watu walivyoogopa hata kukutwa na kitenge cha nje. Wapo waliotupa mali yao usiku. Familia ile haikushtakiwa kwa lolote, lakini mzee aliamua kuondoka. Mwaka 1984, katika wiki za mwisho kabla ya safari, yule mvulana alilileta gemu kwa baba atafutiwe betri, na siku hiyohiyo akaleta saa ya baba yake, Seiko iliyokatika kamba. Safari ikafika. Gemu likabaki.

Mwaka 1985, serikali ilipokwisha kuwaruhusu wafanyabiashara kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, betri za saa zilionekana tena mjini. Baba alinunua mbili, akazitia, akatazama mzamiaji anavyoteremka, akalirudisha gemu katika flaneli. Tukamwomba tucheze. Alitutazama juu ya kile kioo chake cha jichoni, akasema, “Hiki ni cha mwenyewe.” Hakusema zaidi, wala hatukuuliza mara ya pili.

Sasa tuseme lililotufanya tushike kalamu. Kila jioni baba alikaa msikitini baina ya Maghribi na Isha. Sisi tuliachiwa kazi ya kudurusu Juzuu Amma chumbani, wakati mama yuko jikoni. Ufunguo wa sanduku ulining'inia msumarini. Ilichukua siku nne, kama tunakumbuka sawasawa, mikono yetu ikaufikia.

Kioo cha gemu hakina taa yake, kwa hiyo umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, tulicheza kwa mwanga wa koroboi, moja kati ya zile zilizotengenezwa kwa makopo pale mjini ambapo hadi leo panaitwa Makoroboi. Moshi wake ulitutia masizi puani. Tatizo kubwa lilikuwa mlio. Kila hatua ya mzamiaji hutoa sauti ndogo kama ya kifaranga, na hakuna pa kuipunguzia. Tukabuni njia: mmoja anacheza chini ya kanga, wawili wanasoma sura kwa sauti ya juu. Tulisoma kwa nguvu ambayo ustadhi wetu wa chuoni hakuwahi kuisikia. Zamu zilipangwa kwa haki. Hata kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka saba, alipata zake. Tulicheza hivyo kwa miaka mitatu, mpaka mkubwa wetu alipokwenda shule ya bweni na wawili waliobaki hawakuweza kusoma kwa kelele ya kutosha.

Tukiulizwa leo ni wakati gani wa utoto wetu tulikuwa na furaha isiyo na mfano, sote watatu tunautaja wakati huohuo, na ulikuwa wa kuvunja amana.

Tukawa watu wazima. Katika miaka ya 1990 yakaja magemu ya matofali kutoka China, yale yenye vipande vinavyodondoka, tukawanunulia wadogo za watu. Zikaja simu za Nokia na nyoka wao, tukacheza hadharani bila kumwogopa yeyote. Hakuna kilichofikia ladha ya pweza. Na kumbe hatukuwa peke yetu. Duniani kote wapo watu wa umri wetu wanaoyatafuta magemu ya namna hii kwa hamu, wanayanunua, wanayapanga makabatini kama sahani za porselini za bibi zetu.

Historia yake imetushangaza tulipoisoma. Kampuni ya Nintendo, ya Kyoto nchini Japani, ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mhandisi wake, Gunpei Yokoi, inaelezwa kwamba alikuwa safarini katika treni ya kasi akamwona msafiri mmoja akibonyezabonyeza kikokotoo kwa kujipotezea muda, na hapo ndipo wazo lilipomjia. Gemu la kwanza la mkononi la mfululizo ule lilitoka mwaka 1980. La pweza lilitoka mwaka 1981. Yokoi hakutaka teknolojia mpya ya bei kubwa. Alitaka ile iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, yaani vioo vya vikokotoo na betri za saa, aitumie kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Baba angempenda mtu huyo. Kwa muda wa miaka kumi na kitu, magemu ya mfululizo huo yaliuzwa zaidi ya milioni 40.

Siri ya kioo chake ni kwamba picha zote zimo tayari tangu kiwandani. Kila mahali ambapo mzamiaji anaweza kuwa, amechorwa. Umeme unachofanya ni kumwonyesha hapa na kumficha pale. Ukiliinamisha gemu kwenye mwanga unawaona wote pamoja kwa ukungu, wazamiaji na minyiri yote, kama watu waliosimama nyuma ya pazia.

Wakusanyaji wana masharti yao. Betri zilizovuja ndani huwa zimekula shaba, gemu likafa. Kifuniko kidogo cha betri aghalabu kimepotea. Kioo huota madoa kwa joto. La ajabu zaidi ni boksi: gemu kama letu, lililotumika na lisilo na boksi, huuzwa huko nje kwa makumi ya dola, lakini likiwa safi ndani ya karatasi zake za awali linafika mamia. Wazungu wanalipia boksi la karatasi kuliko kilichomo. Kwetu sisi boksi hilo lingewashia jiko la mkaa jioni ileile. Mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni yenyewe ilitoa gemu jipya kwa umbo la yale ya zamani, na hamu ya watu ikazidi.

Ndipo mwaka 2021 alipotokea kijana mmoja wa Dar es Salaam, mkusanyaji, aliyesikia habari zetu kupitia kwa mpwa wetu. Alikuja Mwanza. Akaligeuzageuza gemu kwa adabu, akatia betri mpya, mzamiaji akateremka, na kijana akataja shilingi laki mbili na nusu. Kitinda mimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa anadaiwa ada ya binti yake, alitutazama. Tukanyamaza wote. Kijana akaambiwa asubiri jibu.

Usiku ule tulikosana, na hatukuwa tumekosana tangu mazishi. Mmoja alisema mwenyewe ameondoka miaka thelathini na saba, hajauliza. Kitu kimekwisha kuwa cha baba, basi kigawanywe kama mirathi. Mwingine akasema baba alikiita cha mwenyewe mpaka anakufa. Kitinda mimba akasema hata kama ni amana, ni gemu la mtoto, si dhahabu. Mama alikuwa akisikia kutoka chumbani kwake na hakutoka.

Tulikwenda kumuuliza sheikh wetu wa msikitini. Hakuchukua muda. Alisema amana haigeuki mali ya aliyewekewa kwa kupita miaka. Atafutwe mwenyewe, akikosekana watafutwe warithi wake, na wakikosekana kabisa baada ya juhudi ya kweli, itolewe sadaka kwa niaba yake. Akatukumbusha usiku wa Hijra, jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomwacha Sayyidna Ali Makka ili azirejeshe amana za watu, wakiwemo wale waliotaka kumuua. Tukamuuliza pia, kwa sauti ya chini, kuhusu amana iliyotumiwa bila idhini. Akajibu kwamba anayejua jambo hilo atake radhi kwa mwenyewe maadamu yuko hai.

Tuliporudi nyumbani tulilifungua daftari tupate jina. Tulilipata, pamoja na jambo ambalo hatukulitarajia. Kwa mwandiko wa baba, chini ya neno “pweza”, palikuwa na mistari saba: “Betri mbili. Juu yangu.” Kila mstari na tarehe yake, kuanzia 1985 hadi 1988. Betri mbili hutosha kwa miezi sita au zaidi iwapo gemu linakaa kimya likihesabu saa tu. Saba katika miaka mitatu ni hesabu ya gemu linalochezwa kila siku, na baba alikuwa fundi saa.

Tukampelekea mama daftari. Akalitazama kwa muda mrefu, ilhali hasomi vizuri bila miwani na miwani hakuwa nayo. Kisha akasema, “Mlikuwa mkisoma kwa sauti kubwa mno.”

Hapo ndipo shauri la laki mbili na nusu lilipokwisha. Baba alijua, akanyamaza, akalipa. Sisi tulikuwa watoto, hatuandikiwi. Yeye alikuwa mtu mzima aliyewekewa amana, naye alikwisha kwenda mbele ya Mola wake na jambo letu. Kumtafuta mwenye gemu kukawa deni la maiti wetu.

Za saa hatutaeleza sana. Kumi na moja zimerudi. Mzee mmoja wa Nansio, Ukerewe, alikuja kwa meli kuichukua saa aliyoiacha mwaka 1997, akaivaa palepale na kuuliza kama bei ya ufundi ni ileile. Lakini Maskati ni mbali zaidi ya Ukerewe. Ilitubidi tupitie kwa watu wa Mwanza waishio huko, kundi la simu hadi kundi la simu, mpaka katikati ya Ramadhani ya mwaka 2022, baada ya tarawehe, simu ya mkubwa wetu ikalia na sauti nzito ikasema, “Mwangaluka!” Mtu aliyeondoka hapa akiwa na miaka kumi na mitatu, na Kisukuma chake cha sokoni hakijamtoka.

“Nyinyi ni watoto wa fundi?” akauliza.

“Sisi, kaka. Sote watatu tupo, na mama yupo.”

Tulimweleza yote, moja kwa moja, tukipokezana simu kama zamani tulivyopokezana gemu. Tulipofika kwenye Juzuu Amma alicheka hadi akakohoa. Akauliza, “Mlifika ngapi?” Kitinda mimba akajibu bila kufikiri: mia tatu arobaini na mbili. “Mimi sikupita mia mbili,” akasema. “Nimewasameheni, nyinyi na mzee. Lakini sasa nisikilizeni mimi.”

Akatuuliza kama daftari lina habari ya Seiko. Tulikuwa tumeiona: “Seiko ya mzee. Kamba. Imechukuliwa na kijana wake.” Na tarehe.

Akakaa kimya. Kisha akasema kwamba kijana huyo ni yeye. Alitumwa kuichukua saa siku mbili kabla ya safari. Alipoipata akapitia ziwani kwanza, kwenye mawe karibu na Jiwe la Bismarck, akaiweka juu ya jiwe na kuingia majini na wenzake. Alipotoka haikuwapo. Kwa hofu alimwambia baba yake kwamba fundi hajaimaliza. Mzee akasubiri itumwe, haikutumwa. Tangu hapo hadi alipofariki, kila ilipotajwa Mwanza, mzee alikuwa akisema mbele ya wageni kwamba ni mji mzuri, ila fundi wake alikula saa yangu.

“Ndiyo maana sikurudi kulichukua gemu,” akasema. “Ningekutana na baba yenu, naye angeniuliza kama mzee ameipenda kamba.”

Hatukuwa na la kusema. Kwa takriban miaka arobaini jina la baba yetu lilikuwa likitajwa kwa ubaya katika baraza ambalo hatukulijua, ilhali yeye huku analinunulia betri gemu la mtoto wa nyumba hiyohiyo. Kitinda mimba alisimama akatoka nje. Ni mama aliyeinyoosha mkono akaichukua simu.

“Mwanangu,” akamwambia, “fundi aliandika kwamba saa imechukuliwa, na hakukudai chochote. Mimi mkewe nimekusamehe, na hawa watasamehe. Wewe waambie ndugu zako, wale waliokuwa wakimsikia mzee. Basi.”

Aliwaambia. Wiki mbili baadaye alitutumia sauti yake akiwa na dada zake wawili, wakituombea na kumwombea baba kwa jina lake kamili. Katika sauti hiyohiyo, mbele ya mashahidi, alitupa gemu kuwa hiba yetu watatu kwa sawa. Dada wawili hatukuacha kumkumbusha kaka yetu kwamba hiba haigawanywi kwa mafungu ya mirathi. Ada ya binti yake tulikwisha kuichanga kabla ya Idi.

Gemu lina doa jeusi pembeni mwa kioo, na kifuniko cha betri hakipo. Baba alikuwa amekiziba kwa kipande cha bati alichokichonga mwenyewe. Tuliwapa watoto wetu wacheze. Walimaliza dakika nne, wakauliza rangi ziko wapi. Kwa hiyo linakaa chumbani kwa mama, juu ya kabati, kama saa. Likiwa saa, wazamiaji huteremka na kurudi wenyewe, bila mtu kubonyeza kitu, na mama huwatazama akiwa na tasbihi mkononi akisubiri adhana ya Isha. Yule kijana wa Dar es Salaam bado hupiga simu kila sikukuu. Safari iliyopita mama alipokea mwenyewe, akamuuliza kama kwao wanajua kumpika pweza.